Dawa Mbili na Mwanamke wa Migombani

Kama unasoma haya na kidonge chako cha leo bado kiko kiganjani, kimeze kwanza kama daktari alivyokuambia, halafu uje tuendelee. Mimi cha kwanza nilikaa nacho tangu uji ukiwa wa moto mpaka ukashika utando juu. Nilidhani nikishakimeza nitakuwa mgonjwa kweli, na nisipokimeza nitabaki mtu aliyechoka tu. Leo najicheka, ila siku ile sikuona cha kuchekesha.

Watu huniita Mama Neema. Nalima Mwakiro, upande wa Muyinga, na nimeshatumia dawa mbili za wasiwasi: ya kwanza ilibadilishwa, ya pili bado naimeza. Zinavyofanya kazi huko kichwani sijui, wala sitajifanya najua. Hayo kamuulize aliyesomea. Ninachokijua ni benchi la kusubiria, mdomo mkavu, na namna nyumba inavyobadilika siku mtu mmoja ndani yake anapoanza kuitwa mgonjwa wa kichwa. Na namjua yule mwanamke. Nitafika kwake.

Ugonjwa wangu haukuja wakati wa kukimbia. Ulikuja baada ya amani, na hilo ndilo lililoniudhi. Tulikuwa tumerudi kwa msafara kutoka Tanzania, kambi za upande wa Kibondo, nilikoingia nikiwa mtoto wa kutembea mwenyewe na nikatoka nikiwa na mume na binti. Huku kwetu tulikuta watu wengine wanalima shamba la marehemu baba. Hatukugombana. Wazee wa kolini, yaani wa kilima chetu, waligawa shamba katikati. Wao wakachukua upande wa bondeni, sisi tukabaki na migomba na mahali pa nyumba. Bibi yao alikuwa ameshafariki na kuzikwa pembeni mwa ile migomba, tukakubali aendelee kulala pale. Tukaezeka, tukapanda, tukavuna. Majirani walisema tuna bahati, na walisema kweli.

Hofu iliingia msimu wetu wa pili wa maharage. Nilikuwa nachambua mlangoni, mchana, jua limesimama, na mwili wangu ukaamua kwamba kuna mtu anakuja. Mimi sikuamua, uliamua wenyewe. Vidole vikawa baridi, moyo ukakimbia, mdomoni nikaonja kitu kama chuma cha jembe. Nikasikiliza barabara. Ilikuwa kimya, hata baiskeli haikupita, na ukimya ule ulikuwa wa mtu aliyejibanza mahali akashika pumzi. Niliingia ndani nikakaa chini nyuma ya mlango mpaka ikapita. Kesho yake ikarudi. Baada ya muda ikawa haina siku wala sababu. Nilikuwa nasikiliza kitu ambacho hakikuwa na sauti, na chakula kikawa hakipiti. Sketi zangu nikaanza kuzifunga kwa kamba.

Kituo cha afya walinipima malaria, haikuwepo. Wakanipima tena, haikuwepo. Mume wangu Melkiori akasema basi hiyo malaria imejifunza kujificha kuliko sisi wakimbizi. Yeye wakati ule alikuwa Gitega, anajenga. Tangu mji ule ufanywe makao makuu, fundi wa kupanga matofali hakosi mkate. Akanipigia simu, akasema kwa sauti ya chini kama mtu anayeuza kitu cha wizi, "Njoo huku. Kuna mahali wanatibu mambo ya mawazo. Nimeuliza kwa siri."

Benchi la pale nitalikumbuka mpaka nizeeke. Wanawake tulikuwa tumejifunika vitenge mpaka kwenye nyusi, kila mmoja akiomba asikutane na mtu wa kwao. Kulikuwa na mwanaume mmoja aliyetusalimia wote kwa mkono, akafika mwisho wa benchi, akarudi akaanza upya, na sisi tukampa mikono tena kwa sababu kumkatalia ilikuwa vibaya zaidi. Mimi niliinua macho nikamwona mama mmoja wa Mwakiro, wa kanisani kwetu kabisa. Naye aliniona. Tukageuka kila mtu akaangalia ukuta wake. Mpaka leo tukikutana sokoni tunasalimiana kwa heshima kubwa mno.

Daktari hakuwa mzee, na alikuwa na tabia ya kusubiri umalize kusema, jambo ambalo sikulizoea. Aliniandikia amitriptilini.

"Dawa hii haifanyi haraka," alisema. "Itachukua wiki. We usiache, hata ukiona iko kama maji tu. Na mtu mmoja wa nyumbani akuwekee, akupe kila jioni. Nyumbani uko na nani?"

"Niko na mama."

"Bon. Mama ni vizuri."

Nilirudi Mwakiro na kimfuko cha karatasi ambacho sikukifungua, nilikuwa nakiogopa. Nikamkabidhi mama kama kilivyo. Mama yangu ni mtu wa maneno machache na mikono isiyotulia. Mwanamke aliyekimbia mara mbili katika maisha yake, ya kwanza akiwa msichana, ya pili akiwa na sisi watoto. Alikipokea kwa mikono miwili, kama mbegu za kupanda. Tangu siku ile kila jioni alikuja na uji, akafungua kiganja, na ndani yake kadawa kadogo sana. Nilishangaa kitu kidogo vile kuhitaji daktari mzima.

Kwanza mdomo ulikauka. Ulimi ulinata juu, nikawa natembea na kikombe cha maji kama mlevi na chupa yake. Choo kikawa kazi ya asubuhi nzima. Usingizi ulikuja mzito hata nikaamka na alama za mkeka usoni. Macho yakaanza kuona ukungu: herufi za kitabu cha nyimbo zikawa zinaogelea, uzi ukakataa kuingia kwenye sindano. Hofu yenyewe ilipungua kidogo, ikawa kama imehamia chumba cha pili, lakini nilijua iko ndani ya nyumba.

Ndipo nikamwona.

Kiangazi kilikuwa kimeanza. Mchana ule kila kitu kilikuwa kimetulia namna kinavyotulia saa ambazo kivuli kimeingia chini ya miguu ya mtu. Niliinua macho kutoka kwenye ungo, na kati ya migomba alikuwepo mwanamke amesimama. Alinipa mgongo. Alikuwa amevaa kitenge cha buluu chenye maua meupe, kipya, ambacho sikuwahi kukiona kolini kwetu, na kichwani alikuwa na mzigo mkubwa uliofungwa kwa shuka. Hakuushika. Mikono yake ilikuwa imelala ubavuni na mzigo ulikaa tu.

"Karibu," nikasema.

Hakugeuka. Hakwenda barabarani wala hakuja nyumbani. Kuku walikuwa wanachakura miguuni pake bila kumkimbia, na hicho ndicho kilichonisimamisha nywele, kwa sababu kuku wetu humkimbia hata padri. Nikainamisha macho kwenye maharage, nikahesabu pumzi zangu. Nilipoinua kichwa, palikuwa na migomba tu. Baada ya muda mama akatokea nyuma ya nyumba amebeba kuni.

"Mama, umemwona yule mtu?"

"Mtu gani?"

"Pale. Mwanamke mwenye mzigo."

Mama aliangalia migomba kwa muda mrefu. "Hakuna mtu pale, mwanangu," akasema, akaingia jikoni.

Yule mwanamke alirudi. Si kila siku, lakini alirudi, na saa ile ile, jua likiwa kichwani. Sikumwona kamwe asubuhi wala jioni. Alisimama mgongo kwangu, shingo imenyooka, kama mtu aliyeambiwa asubiri na aliyemwambia akasahau. Miguu yangu ilikuwa ikikataa kabisa. Kila nikitaka kuinuka nimfuate, nakaa pale pale na ungo wangu mapajani, na yeye amesimama, na sisi wawili tunasikiliza barabara moja.

Nilifanya kosa la kumwambia jirani mmoja, na kwa jirani yule neno halilali njaa. Haikupita wiki kolini nzima ikajua kwamba bibi aliyezikwa kwetu amefunga mizigo anataka kuondoka, na haondoki kwa sababu hatujamlipa shamba lake. Wengine wakasema hapana, ni sisi ambao hatukumwondolea baba yetu matanga, tulimwacha kwenye udongo wa Tanzania bila kunywa naye pombe ya mwisho, sasa ametuma mtu. Kila mtu alikuwa na maiti wake wa kuniwekea migombani.

Melkiori alikuja mwisho wa mwezi. Hakuketi.

"Mama Neema," alisema, "mimi sisemi wewe ni umusazi, mtu mwehu. Sitalisema hilo neno. Lakini dada yangu pale Muyinga mjini ana nyumba nzuri, na shule iko karibu. Neema akae kule kwanza. Mpaka utakapoacha kumwona huyo mtu."

"Na nisipoacha?"

Nilimchukia siku ile, nasema wazi, ingawa nilijua ndugu zake wote walikuwa wamesimama nyuma ya mdomo wake. Neema alifungasha nguo zake mwenyewe. Alikuwa na umri wa kufungasha vizuri. Hapo ndipo maji yaliponifika shingoni: sikuwa tena naumwa ili nipone, nilikuwa naumwa ili nirudishiwe mtoto, na kati yangu na mtoto alikuwa amesimama mwanamke wa migombani.

Nikarudi Gitega, kwenye lile benchi. Safari hii sikujifunika. Daktari alinisikiliza mpaka mwisho.

"Anakuambia kitu?"

"Hapana."

"Unasikia sauti zingine? Hata moja?"

"Hapana, daktari. Anasimama tu."

Akasema dawa ile huchezea macho ya watu wengine, na zaidi ya hapo, hofu haikushuka kama alivyotegemea kwa kiasi alichoniandikia. Tutabadilisha. Ya zamani nitaipunguza kidogo kidogo, halafu naanza nyingine, fluoksetini. Lakini nikae karibu naye wakati wa kuvuka.

"Na nikiendelea kumwona?"

"Donc, tutafikiria dawa za aina ingine," akasema. Hakueleza, nami sikuhitaji maelezo. Pale benchini niliwahi kuwaona wanaotumia za aina ingine, wanavyotembea mikono imekakamaa, mate yanatoka. Najua sasa kwamba wengi wao zinawaokoa. Siku ile niliona tu kwamba hakuna wifi duniani atakayemrudisha mtoto kwa mtu wa namna ile.

Nilikaa Yoba, mtaa wa pale pale Gitega, kwenye chumba alichopanga Melkiori katika uwanja wa Mama Zaituni. Mama Zaituni ni Mwislamu wa pale mjini, fundi cherehani, ana mashine ya kukanyaga barazani na ulimi mwepesi. Daktari alikuwa amenipa vidonge vya kupunguzia, akaniambia nivikate nusu. Nilipokata cha kwanza, nusu ile niliifahamu. Ilikuwa kadogo kale kale kalikokuja na uji. Nilikaa nakitazama, nikadhani labda vya safari hii vimetengenezwa vikubwa, kisha wazo likanitoka. Akili yangu haikuwa ya kufuatilia mambo.

Majira ya kuvuka kutoka dawa moja kwenda nyingine nitayaeleza, kwa sababu mimi hakuna aliyenieleza nikaelewa. Ya zamani ilipoisha mwilini, kila nilipogeuza macho haraka kitu kilipita kichwani, kifupi, kama umeme wa nyaya zilizogusana. Ndoto zikawa na rangi kuliko mchana. Adhana ya msikiti ilikuwa ikiisha, watu wanaingia, na mimi bado naisikia ikiendelea mahali fulani chini ya ardhi. Niliosha uso nikaona maji yanachelewa kufika. Nilikaa barazani na kuhisi kwamba Gitega nzima imechorwa kwenye shuka, na mtu yuko nyuma ya shuka.

Ile mpya ikaanza, na wiki za mwanzo hofu ilipanda badala ya kushuka. Daktari alinionya, lakini kuonywa na kupatwa ni vitu viwili. Tumbo lilichafuka, mikono ikatetemeka hata kikombe kikapiga sahani. Nilitaka kuacha. Nilikuwa nimeshafikia kusema nikiacha leo nitajua angalau ninachokiogopa ni changu mwenyewe.

"We njoo ukae hapa kwa mashine," Mama Zaituni akaniambia. "Kichwa yako ikipiga kelele, cherehani itapiga kuliko yeye."

"Mama Zaituni, mimi sitafaa kitu leo."

"Mi sikuulizi kama unafaa. Shika hii robe, ufumue nyuzi. Mwenyewe amenenepa, mi nataka kuipanua." Akanitupia gauni mapajani. "Na ukule. Tumbo iko wazi, sasa dawa itakula nini?"

Alinipa ugali na ndagala, dagaa wa ziwani, nikala vijiko vichache, akahesabu hiyo ni karamu. Hakuwahi kuniuliza nilichokuwa nakiona. Ilipokuja ile saa ya mchana, akaona nimekaza shingo, alikuwa anasema tu, "Barabara iko pale pale, haijakwenda," halafu anakanyaga pedali. Nilipohitaji kwenda kwa daktari alitembea nami, akikemea wenye pikipiki wote wanaopita karibu. Kama unaumwa na Mungu amekuwekea mtu asiyekuuliza maswali, mshukuru yule mtu wakati bado unamwona.

Siku moja mkanda wa mashine ulikatika kwa mlio mkubwa. Watoto wa uwanjani walipiga kelele. Mimi niliinua kichwa, nikatazama, nikaendelea kufumua. Baadaye kidogo ndipo nikagundua nilichofanya. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha asubuhi ile, na nilikumbuka kwamba nilikuwa nimeisikia harufu ya udongo na kuipenda.

Yoba yule mwanamke hakutokea hata mara moja. Daktari akafurahi. Melkiori akafurahi zaidi yake, akanunua nyama. Ikasemwa nirudi nyumbani nikapande, na kama mwezi utapita kwa usalama, Neema atarudishwa.

Mama alinipokea vizuri. Alikuwa amekonda. Nikamwambia dawa hizi nitajiwekea mwenyewe, na zaidi ya hayo ni za vibomba vya rangi mbili vyenye unga ndani. Aliuliza, "Hazikatiki?" Nikasema hazikatiki. Akarudi jikoni, nami sikulifikiria.

Haukupita muda. Nilikuwa mlangoni na mbegu za kuchagua, jua juu, migomba imeoshwa na mvua. Nikainua macho. Kitenge cha buluu, maua meupe, mzigo, mgongo.

Sijui kama utanielewa nikisema sikuogopa kwanza, nililia. Nilimlilia Neema. Niliona wifi yangu akibaki naye daima, niliona mikono yangu imekakamaa. Nikasema moyoni, basi ni kweli, ni mimi. Kichwa ndicho kibovu, na dawa zote zimekwisha kujaribiwa.

Halafu nikasikiliza moyo. Ulikuwa unapiga kwa nguvu, lakini ulipiga kama moyo wa mtu anayepanda mlima na ndoo. Vidole vilikuwa na joto. Nikaweka ungo chini. Nikasimama, na magoti yakanikubalia.

Nilitembea. Majani makavu ya migomba yalilia chini ya miguu yangu na yeye hakugeuka. Nilipokaribia nilisikia harufu ya sabuni ya mche na moshi, na nikajiambia maiti haifui. Niliogopa kumtazama kichwani, nikatazama chini, kwenye miguu. Visigino vilikuwa vimepasuka, cha kushoto kina kovu refu la kwato ya ng'ombe. Nilipokuwa mtoto nilitembea nyuma ya visigino vile mpaka mpakani. Niliambiwa nisitazame pembeni, nivitazame hivyo tu, na nilivitazama.

"Mama," nikasema.

Shingo yake ililegea. Mzigo ukayumba, nikaushika.

"Nasikiliza kidogo tu," akasema. "Nikimaliza nakuja."

"Unasikiliza nini?"

"Mara zote mbili walikuja mchana. Sufuria ilikuwa jikoni." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, akiangalia barabara. "Siku nyingine naona ni leo. Nachukua mzigo nasimama. Nikiona hawaji, naweka."

"Nani, mama? Nani atakuja?"

"Sijui. Kwani wewe ulikuwa unamjua?"

Tukakaa chini pale pale kati ya migomba. Alifungua shuka kwa sababu nilimlazimisha. Kulikuwa na sufuria, chumvi, jembe lisilo na mpini, mbegu za maharage, na mahali patupu pa kile kitenge alichokivaa, ambacho alikiweka kipya kwa ajili ya njiani. "Ukivuka mpaka umechakaa wanakuita mwizi," alinieleza. "Ukivaa kitenge kipya wanakuita mama." Na chini kabisa, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa mafundo, kulikuwa na nusu za vidonge. Rundo la nusu, zimekatwa kwa wembe, safi.

"Hizi ni zako," akasema. "Za njiani."

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mimi nilipiga kelele. Nilimwambia alinikata dawa yangu, kwamba daktari aliona haifai kumbe hakuna aliyeimeza nzima, kwamba nimepitia Yoba yote ile na umeme kichwani kwa ajili ya nusu hizi. Nilimwambia kambini walitupa posho nusu na sisi wenyewe tukajifunza kuigawa nusu tena tuweke, lakini huku si kambini. Alinisikiliza mpaka nikachoka.

"Mdogo wako alikuwa na homa siku tunakimbia," alisema. "Unamkumbuka? Dawa yake niliiacha dirishani. Niliiona tukiwa kwenye ule mlima wa pili, niliiona kichwani, ilivyokaa pale dirishani. Hatukuweza kurudi." Alifunga mfuko tena, mafundo yake yale yale. "Nilisema sitakimbia tena bila dawa ya mtoto."

Mdogo wangu namkumbuka. Alibaki njiani, chini ya mawe.

"Lakini waliniita mwehu, mama," nikasema. "Neema amechukuliwa. Nilikuuliza, ukasema hakuna mtu."

"Niliona aibu. Wewe ulikuwa unakufa kwa kumwogopa mtu, ningesemaje huyo mtu ni mimi?" Akafuta pua kwa pembe ya kitenge kipya. "Halafu niliogopa wakijua wataufungua mzigo. Na kama siku hiyo ndiyo yenyewe?"

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hawakusema afanye nini akiwa amelea mtoto wake huku mwenyewe akishtuka kila siku mbele ya mtoto. Nilikuwa na hasira naye siku nyingi. Nilimpikia na sikuongea naye, na hasira ile ilikuwa tamu kidogo kwa sababu haikuwa hofu. Nilimpigia Melkiori nikamweleza yote. Aliniomba radhi kwa jina langu la ubatizo, ambalo halitumii. Alikwenda mwenyewe Muyinga mjini kumchukua Neema, na sikuuliza alimwambia nini dada yake.

Nikuambie basi niliyojifunza, wewe uliye benchini. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wanaokuficha maradhi wakati mwingine ni wale wanaokupenda. Ona dawa yako kwa macho yako mwenyewe, nzima, kabla hujaimeza. Ukibadilishiwa, usivuke peke yako. Mwambie daktari hata lile unaloona litakuponza, maana yeye hupima kwa ulichomwambia tu, na wangu alipima sawa kwa alichokuwa nacho. Na dawa ikianza kukufaa usitegemee kwamba kinachokutisha kitaondoka. Kwangu mimi hakikuondoka. Nilipata miguu ya kukiendea.

Siku ya kurudi kwa daktari ilifika, maharage yakiwa yameshatoa maua. Tulipita kwa Mama Zaituni Yoba tukanywa chai, halafu tukaenda. Nilipoitwa niliingia peke yangu. Daktari aliuliza habari za usingizi, za tumbo, za mikono. Nikanyoosha mikono, akaitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akauliza lile swali, akiwa ameinamia karatasi zake, kwa sauti ya mtu anayetaka kulimaliza.

"Na yule mwanamke, Mama Neema? Bado unamwona?"

"Namwona, daktari."

Kalamu ikasimama. Aliinua uso taratibu, nikaona ananisikitikia, na nikaona pia kwamba anatafuta namna nzuri ya kunitajia zile dawa za aina ingine.

"Mara ya mwisho umemwona lini?"

"Sasa hivi. Yuko hapo nje, kwenye benchi. Amejifunika."

Nikainuka, nikafungua mlango.

"Mama," nikasema, "ingia. Ni zamu yako."